Kuchoka sio mazoezi: mwongozo kamili wa kulinda moyo kulingana na kazi unayopiga

Nimepiga ukonda miaka minne, baadae nikahamia kwenye usukani miaka saba, kwahiyo mwili huu mmoja umeonja pande zote mbili. Enzi za ukonda nilikuwa nakula kama nafukuzwa, wali maharage saa nne, chipsi mayai saa tisa, usiku ugali mlima, na bado suruali ilikuwa inakaa kwa kubana mkanda tundu la mwisho. Mwaka wa tatu wa usukani mkanda uleule ukawa haufiki. Presha nimekuja kuijua kwa bahati tu, walikuja watu wa afya kupima bure stendi, nikakaa ikasoma 158 kwa 97. Nikamwambia nesi mashine yako mbovu dada. Akapima tena, 154 kwa 96, akasema mashine nzima kaka, nenda hospitali.

Toka siku hiyo nimesoma sana hii mambo, na kilichonishangaza ni kwamba hadithi yangu ishaandikwa zamani. London, mwaka 1953, daktari mmoja anaitwa Jerry Morris na wenzake walitoa utafiti wa wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa mbili, wanaume kama elfu 31 wa umri wa miaka 35 mpaka 64. Gari moja, kampuni moja, mitaa ileile, ila dereva amekaa karibu asilimia 90 ya zamu yake na konda anapanda ngazi kama 500 mpaka 750 kwa siku akikata tiketi. Madereva walikuwa wanapata ugonjwa wa mishipa ya moyo kuwazidi makonda, na ukiwapata ulikuwa unawaua haraka zaidi. Wakaangalia na watu wa posta, wanaosambaza barua kwa miguu na baiskeli walikuwa na nafuu kuliko wenzao wanaokaa kwenye simu na madawati.

Hapo mtu wa kubeba mizigo anachekelea, anasema basi mimi moyo wangu chuma. Subiri kidogo. Nina jamaa yangu anabeba magunia sokoni toka ana miaka 19, kifua kama mlango, tulivyoenda kupima pamoja presha yake ilikuwa juu kuliko yangu. Kumbe kuna tofauti kubwa kati ya kuchoka na kufanya mazoezi, na dawa ya dereva sio dawa ya kuli. Ndio maana nimeandika huu mwongozo kwa kazi, sio ule wa "fanya mazoezi kula mboga" ambao kila mtu keshausikia.

HATUA YA KWANZA: IJUE KAZI YAKO KAMA ILIVYO

Chukua siku tatu za kazi za kawaida, andika kwenye simu: masaa mangapi umekaa, mangapi umesimama sehemu moja, mangapi umetembea, mangapi umebeba au kusukuma kitu kizito, na umepumzika lini, yaani kupumzika kweli sio kusubiri mzigo mwingine huku umeinama. Usikadirie kwa kichwa, kichwa kinadanganya. Mimi nilikuwa naapa kwamba nashuka sana kwenye gari, kuandika nikakuta ni dakika 25 kwa siku nzima ya masaa 13.

Ukishaandika utajikuta kundi mojawapo. Wanaokaa ni madereva, bodaboda, bajaji, mafundi cherehani, watu wa ofisini. Wanaosimama palepale ni walinzi wa getini, vinyozi, wapishi, wauza duka. Wanaotembea ni machinga, makonda, wanaopeleka vifurushi kwa miguu. Wanaobeba ni makuli, saidia fundi, wasukuma mikokoteni, wachimbaji. Kuna waliochanganyika, mfano bodaboda anayebeba na kreti za soda, huyo achukue ushauri wa pande zote mbili.

HATUA YA PILI: NAMBA TATU

Presha kwanza. Ukienda kupima usikimbilie kiti, kaa dakika tano kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono umewekwa juu ya meza usawa wa moyo, nusu saa kabla usiwe umevuta sigara wala kunywa kahawa, na ukojoe kwanza (hii watu wanadharau ila kibofu kikijaa kinapandisha namba). Pima mara mbili. Ikija 140 kwa 90 au zaidi siku tofauti tofauti, hiyo ni presha ya kupanda, muone daktari. Ikija 180 kwa 110 kwenda juu usianze tizi lolote, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ya pili ni kiuno. Futi kamba ya fundi cherehani, pitisha katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, pumua nje kawaida, usivute tumbo ndani maana unamdanganya nani sasa. Mwanaume akifika sentimita 94 hatari imeanza, 102 imekuwa kubwa. Saizi ya suruali haihesabiki kwasababu wengi tunavaa chini ya kitambi. Morris nae alipita hapahapa, mwaka 1956 alichukua rekodi za sare za wale wafanyakazi wa mabasi akakuta madereva walikuwa na viuno vipana kuliko makonda toka walivyopewa sare ya kwanza. Maana yake sehemu ya ile tofauti walikuja nayo kazini, haikuletwa yote na usukani. Namheshimu sana kwa kutoka na hilo hadharani, angeweza kunyamaza.

Ya tatu ni mapigo ya moyo asubuhi kabla hujatoka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, hesabu dakika nzima. Kawaida ni 60 mpaka 100, ila kinachonivutia mimi ni mwendo wake wiki kwa wiki. Ukifanya mazoezi ya maana yanashuka taratibu. Yakipanda wiki nzima bila homa, mara nyingi hulali vizuri au unajichosha kupita kiasi.

HATUA YA TATU: DAWA KWA KAZI

Tuanze na wanaokaa, ndugu zangu. Ukikaa masaa, misuli mikubwa ya mapaja na miguu inazima, na hiyo ndio inayokula sukari na mafuta yaliyopo kwenye damu, kwahiyo vinabaki vinazunguka, damu nayo inatuama miguuni. Shirika la Afya Duniani mwaka 2020 lilisema mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 mpaka 150 za nguvu. Wastani ni ule ambao unaweza kuongea ila kuimba huwezi. Sasa kama unakaa masaa nane na zaidi kila siku hiyo 150 inaweza isitoshe, kuna uchambuzi mkubwa wa mwaka 2016 wa watu zaidi ya milioni moja ulionyesha wanaopata dakika 60 mpaka 75 kwa siku ndio ule ubaya wa kukaa ulikuwa kama umefutika.

Najua unawaza nitazitoa wapi dakika 60 na natoka saa kumi na moja alfajiri narudi saa tatu usiku. Mimi nilizikata vipande. Gari ikiwa inasubiri kujaa naizunguka, mizunguko 20 ya Coaster kwa mwendo wa haraka ni kama dakika tano, na safari zangu ni sita kwa siku, hiyo tayari nusu saa. Wenzangu wiki ya kwanza walinicheka wakasema dereva anafanya tambiko, wiki ya tatu wawili wakawa wananifuata nyuma. Gari ikishalala nashuka kwa miguu mpaka nyumbani, bodaboda siku za mvua tu. Kwenye foleni iliyoganda kabisa, handbreki juu, nainua visigino na kushusha mara 50, sio mbadala wa kutembea ila damu ya miguuni inasukumwa kupanda juu. Na acha ile tabia ya kutokunywa maji ili usikojoe njiani, sote tunaifanya, kunywa ukifika kituo cha mwisho upate na sababu ya kushuka.

Bodaboda nyie mna balaa la ziada, moshi wa magari mnaula siku nzima na ule moshi unaumiza mishipa ya moyo sio mapafu peke yake. Kijiwe kiwekeni mbali na barabara hata mita 30, kukaa juu ya pikipiki ukisubiri abiria pembeni ya lori linalounguruma hakuna faida yoyote. Na tizi lifanyike asubuhi kabla magari hayajajaa.

Watu wa ofisini mna bahati ila hamjui tu. Ngazi mnazo, mchana mnao, kila nusu saa unaweza kunyanyuka hakuna trafiki wa kukuuliza. Basi.

Wanaosimama sehemu moja, huku wengi wanajidanganya kwamba kusimama ni kazi ya mwili. Ontario huko Canada walifuatilia wafanyakazi zaidi ya elfu saba kwa miaka 12, wale ambao kazi zao ni za kusimama muda mwingi walipata ugonjwa wa moyo karibu mara mbili ya wale wa kukaa. Mara mbili! Damu inakaa chini, moyo unasukuma kwa shida kuirudisha, miguu inavimba, mishipa inatokeza kama mizizi. Kinyozi, mlinzi, mpishi, dawa yako ni kuvunja ule msimamo: zunguka geti au duka kila dakika 20 hata kama hakuna kitu cha kuangalia, weka tofali au kreti uwe unapandisha mguu mmoja unabadilisha, tafuta stuli ndefu ukae dakika kumi kila saa. Bosi akikataa stuli muelekeze kwamba mlinzi mwenye miguu iliyovimba hamkimbizi mwizi, mmoja nilimshauri hivyo na stuli ikaletwa.

Sasa wanaobeba, na hapa nakaa kidogo kwasababu ndio panapoumiza kichwa. Zamani ushahidi ulikuwa upande wenu. San Francisco, mtafiti Ralph Paffenbarger aliwafuatilia makuli wa bandarini kuanzia 1951 kwa miaka 22, wanaume zaidi ya elfu sita, waliokuwa wanafanya kazi nzito zaidi walikufa kwa moyo kidogo kuliko wenzao wa kazi nyepesi. Lakini mwaka 2021 Andreas Holtermann na wenzake wa Denmark walitoa utafiti wa watu 104,046 wa Copenhagen: mwendo wa muda wa mapumziko ukiwa mwingi hatari ya moyo inashuka, mwendo wa kazini ukiwa mwingi sana hatari inapanda, matukio makubwa ya moyo yaliongezeka kama asilimia 35 kwa wale wa kazi nzito kabisa. Sio wote wanakubali, Norway mwaka huohuo walitoa data zao zikionyesha wanaume wa kazi za mwili waliishi muda mrefu kuliko wa kukaa. Wanabishana mpaka leo, na sehemu ya ubishi ni kwamba mbeba mizigo mara nyingi ndiye pia mwenye kipato kidogo, sigara na usingizi mbovu, sasa ukimkuta mgonjwa unalaumu gunia au unalaumu maisha?

Mimi naamini kinachoamua ni mapumziko. Ukikimbia dakika 30 moyo unapanda juu sana alafu unaachiwa masaa 23 na nusu ya kutulia na kujijenga. Ukibeba mizigo masaa tisa moyo haupandi kufikia kiwango cha kujenga pumzi ila haushuki pia, unanguruma katikati siku nzima, na kila ukinyanyua kwa kubana pumzi presha inaruka juu ghafla. Waangalie Wahadzabe, wawindaji wetu wa Ziwa Eyasi, watafiti wamewavalisha vifaa wakakuta wanapata zaidi ya masaa mawili ya mwendo wa maana kila siku na presha zao ziko chini hata uzeeni, lakini pia wanatulia karibu masaa kumi kwa siku, tena wamechuchumaa au wamepiga magoti, misuli haijazima. Nani aliwaambia wawinde masaa tisa mfululizo kwa posho ya gunia?

Kwahiyo wewe unayebeba fanya hivi. Ukiweka mzigo chini na kukaa kupumzika, hesabu mapigo palepale kwa sekunde 30 zidisha mara mbili. Yakizidi 110, kipande cha kazi kinachofuata kifupishe kwa theluthi moja, mapumziko yabaki yaleyale, yaani kama ulikuwa unabeba dakika 30 sasa beba 20. Ukipumzika tena yakiwa bado juu ya 110, punguza tena theluthi. Hii wanatumia wataalam wa kazi za kwenye joto na haihitaji mashine yoyote. Ukinyanyua toa pumzi nje, usiibane, pumua "fuuu" wakati mzigo unapanda, watu watakucheka lakini presha haitaruka vile. Toroli likiwepo tumia, ubaunsa wa kubeba magunia mawili mawili ulimzalia rafiki yangu mmoja ngiri na mpaka leo hawezi kuinua mtoto. Jua likiwa kali kikombe kimoja cha maji kila dakika 15 mpaka 20, usisubiri kiu. Na kama mpo kundi, pangeni zamu za kubeba na kupanga mzigo ili kila mtu apate kipande chepesi, mnaolipwa kwa gunia mgawane mwisho wa siku, hili linahitaji kuaminiana najua.

Je kuli afanye tizi? Ndio ila sio jioni akiwa hoi. Denmark waliwapa wafanya usafi mazoezi ya pumzi juu ya kazi yao, pumzi iliongezeka kweli lakini presha nayo ikasogea juu kidogo. Mwili uliochoka ukiuongezea unalipa. Fanya siku mbili ambazo hubebi au una kazi nyepesi, dakika 20 mpaka 30 za kukimbia taratibu, baiskeli, kuogelea au mpira wa mchangani, kitu ambacho miguu inazunguka na mgongo haujabeba kitu. Pushapu na vyuma achana navyo, mzigo unao wa kutosha.

Machinga na makonda mko pazuri kuliko wote, mimi nikirudia maisha naomba ukonda. Ongezeni tu siku mbili za mazoezi ya nguvu, kuchuchumaa na kunyanyuka, pushapu, kamba, na kwenye mlima kazeni mwendo mpaka pumzi ibadilike.

HATUA YA NNE: MSOSI NA VILE VITU VYA KUSHTUA

Kazi haifuti sahani. Mfano mzuri ni wakata miti wa Finland mashariki, wanaume wenye mazoezi kuliko sisi wote, msumeno na magogo kwenye baridi, na bado miaka ya 1960 walikuwa wanakufa kwa moyo kwa kiwango kilichoshangaza dunia. Siagi, maziwa mazito, chumvi na sigara. Mwaka 1972 wakaanzisha mradi Karelia Kaskazini, Pekka Puska akiuongoza, wakabadilisha vyakula na uvutaji na vifo vikashuka sana, bila kuwaongezea watu magogo.

Kwetu adui ni chumvi, mafuta yaliyokaangiwa wiki nzima, na sukari ya chupa. Chumvi ni chini ya gramu tano kwa siku, kasoro ya kijiko cha chai, na hapo imehesabiwa ya kwenye supu, kachumbari na ile unayonyunyiza kwenye chipsi kabla hujaonja. Muambie mama ntilie mapema akupakulie mboga nyingi wali nusu, mkizoeana anafanya bila kuambiwa. Dagaa, maharage, mchicha, matembele, hivi ni rahisi na ni vya moyo. Soda moja ina sukari kama vijiko vya chai vinane tisa. Zile enaji za kopo madereva wa usiku wanazipiga tatu nne, mapigo yanakwenda mbio na presha inapanda, alafu unasema kazi imekuchosha. Sigara sina cha kuongeza, ukiacha kitu kimoja tu kwenye mwongozo wote huu acha hiyo.

HATUA YA TANO: MASAA

Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani walihesabu mwaka 2021, anayefanya kazi masaa 55 au zaidi kwa wiki ana hatari ya kiharusi zaidi kwa asilimia 35, na kufa kwa ugonjwa wa mishipa ya moyo zaidi kwa asilimia 17, ukilinganisha na wa masaa 35 mpaka 40. Mimi nilikuwa nafanya zaidi ya 80. Sikuweza kukata zote maana hesabu ya tajiri haisubiri, nilichofanya nimetafuta deiwaka wa siku mbili kwa wiki, nagawana nae, pesa imepungua na nimebaki nayo nikiwa mzima. Walinzi wa usiku, chumba cha kulala mchana kiwe na giza, pazia zito au hata khanga mbili, simu nje, na muda wa kulala uwe uleule kila siku.

DALILI ZA KUACHA KILA KITU

Kifua kubana kama kimekaliwa na mtu, maumivu kwenda mkono wa kushoto, taya au mgongoni, jasho la baridi, pumzi kukata, kichefuchefu. Ikianza simamisha gari, weka mzigo chini, usiseme ni gesi, na usijiendeshe mwenyewe kwenda hospitali, mtu akupeleke. Mdomo kupinda upande, mkono kulegea, maneno kuburuzika, hiyo ni kiharusi, nayo ni dakika sio kesho asubuhi. Na kama kifua kinabana kila ukipanda ngazi au mlima alafu kinaachia ukisimama, hujafika hatua ya dharura ila usianze tizi kabla ya kipimo cha moyo. Walio Dar wanaweza kupewa rufaa mpaka Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili, ila anzia kituo cha karibu yako, hata zahanati wana mashine ya presha.

Ukipewa dawa za presha meza kila siku hata ukijisikia mzima, presha haiumi na ndio ubaya wake. Mimi nameza kidonge kimoja usiku, nazunguka Coaster yangu, juzi nilipima ikasoma 132 kwa 84 na nesi ni yuleyule, nikamuuliza mashine mmebadilisha?